Kiraka Cheupe

Mama alinipa cheti alichotumiwa na hospitali kwenye simu. "Wewe ndiye msomi wetu wa jioni," alisema. "Kigeuze kiwe Kiswahili, nijue kama niende kwa dada yangu sasa au nisubiri. Kama ni kufa, nataka nifie mikononi mwake."

Mchana nilikuwa mchapaji katika duka la uchapaji, na jioni nilisoma Kiingereza. Cheti chenyewe kilikuwa faili gumu, lile ambalo maneno yake hayasogei: kila jibu lina kisanduku chake, na kisanduku hakitanuki. Hospitali ilitumia maneno matatu ya kigeni. Mimi nilihitaji mstari mzima: "Ugonjwa umefika kwenye ini, dawa hazitasaidia tena." Ukamwagika hadi juu ya sahihi ya daktari. Nikapunguza herufi zikawa kama sisimizi. Wapi!

"Hayaenei," nilimwambia kaka, aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

"Basi andika yanayoenea. 'Anaendelea vizuri.'"

"Kaka, huo ni uongo."

"Harusi yangu ni baada ya wiki saba. Akijua, kesho anaondoka, nami nioe bila mama? Wakwe watanionaje? Andika bwana. Dhambi nibebeshe mimi."

Pale dukani hatufuti, tunafunika. Maneno ya hospitali nilikuwa nimeshayawekea kiraka cheupe. Nikaweka kingine juu ya mstari wangu, kisha juu yake nikaandika yale maneno mawili. Yalienea, na nafasi ikabaki. Niliomba msamaha kwanza, ndipo nikachapa. Najua sala ya namna hiyo haifiki mbali.

Mama haoni vizuri, kwa hiyo kaka alimsomea ile karatasi. Mama akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa machozi. Kisha akampigia dada yake: "Usihangaike, nitakuja baada ya harusi."

Wiki ya sita hakuweza tena kuinuka kitandani. Maumivu yalipomzidi alinishika mkono. "Nitumie kile cheti cha Kiswahili. Simu inanisomea zaburi, itanisomea na habari njema."

Nikatuma. Kaka alikuwa amekaa miguuni pake. Mama akabonyeza.

Sauti ilitafunatafuna maneno ya kigeni. Kisha ikatamka wazi kama mtangazaji: "Ugonjwa umefika kwenye ini, dawa hazitasaidia tena." Na bila hata kupumua: "Anaendelea vizuri."

Simu haina macho. Husoma maneno yote yaliyomo ndani ya faili, hata yaliyofunikwa; kiraka cheupe kwake si kitu.

"Mtambo umeharibika huo, mama," kaka alisema.

"Mtambo!" Mama alicheka mpaka akakohoa. Akanigeukia. "Mwanangu, siku ile ningeweza kupanda gari?"

"Ndiyo, mama."

"Na leo?"

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa, wala hakuniambia nimesamehewa.

Siku ya harusi kaka aliingia chumbani na suti yake mpya, bibi harusi mkononi, wakwe nyuma yao, kuomba baraka. Mama alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Sogeeni, wakwe zangu," alisema kwa upole. "Baraka zangu zimo humu ndani."

Akabonyeza. Sauti ikasoma yote, ya kigeni, ya ini na ya uongo, kwa mpangilio uleule. Bibi harusi aliuachia mkono wa kaka.

Mama akanipa mimi ile simu.

"Bonyeza tena, msomi," alisema. "Waliosimama mlangoni hawakusikia."