Majani Barabarani

Mtaa wa Sogea, pale Tunduma, jina la utani likishakubandika halibanduki. Osea alishindwa vita moja tu, sikukuu ya Idi, akaitwa Pancha. Sasa hata mama yake, mlokole asiyejua mzaha, akimtuma chumvi humwita Pancha. Ndiyo maana Jumamosi ile Amri alikuwa anatokwa jasho akiwa kivulini.

Vita ilipiganwa uani kwa kina Abdulwahab, juu ya mlango mbovu uliolazwa kwenye mapipa. Askari walikuwa vizibo vya soda. Barabara ilichorwa kwa chaki, katikati ikatandikwa gunia, na mwisho wake palisimamishwa kijiti: geti la mpakani. Atakayefikisha askari watatu getini kwanza ameshinda. Atakayeshindwa anapewa jina, na mshindi ndiye anayelichagua.

Askari wa miguu hawakuwa na neno. Balaa lilikuwa magari. Abdulwahab, ambaye baba yake ana malori, alikuwa ametengeneza semitrela la makopo ya mafuta ya kula, tairi za kandambili, refu kama jeneza la tajiri. Kila mchezo lilipita juu ya majeshi ya watu na kuyaacha bapa. Watu wakalalamika mpaka ikabidi kanuni za magari zinyooshwe upya. Mwamuzi alikuwa Fauzia, dada yake Abdulwahab, aliyeketi mkekani akichambua majani ya maboga. Sifa yake kubwa ni kwamba aliwachoka wote sawasawa.

"Gari linakwenda shubiri tatu kwa zamu," alianza Fauzia. "Likipanda gunia, hiyo ndiyo barabara ya Chitete yenye mashimo, mnarusha dadu. Ikija moja, gari limekufa, linakaa zamu nzima. Kuna la kuongeza?"

"Lipo," alisema Abdulwahab. "Lori langu likifa, huyu Amri analivamia kwa nyuma. Ushenzi! Barabarani gari bovu linawekewa majani, na kila dereva anaheshimu. Tuseme hivi: gari likikuta majani barabarani, linasimama zamu nzima."

"Majani yoyote?" aliuliza Amri, mpole kama mgeni wa jana.

"Yoyote! Hata hayo ya maboga."

"Dada Fauzia, umesikia?"

"Nina masikio. Endeleeni."

Amri akaweka mezani pikipiki yake ya waya. "Na bodaboda yangu inapakia mshikaki. Watatu."

"Sheria ni abiria mmoja!" Abdulwahab aliruka.

"Sheria ya wapi? Umewahi kwenda Galula wewe? Kule watatu ni wachache, wa nne anashika kuku."

Osea akacheka. Fauzia akakubali mshikaki. Abdulwahab akanuna, akatafuta pa kujilipia. "Basi isipewe shubiri tatu! Pikipiki si gari. Iende mbili."

"Pikipiki si gari," Fauzia akatangaza. "Shubiri mbili."

Amri akaguna kama mtu aliyeonewa. Osea, aliyemjua vizuri, akasogeza kigoda karibu.

Vita ikaanza, na mwanzo wake haukuwa na huruma. Semitrela likapita kushoto, likarudi kulia. Vizibo vya Amri vikalala chali mlango mzima, mpaka akabakiwa na vitatu tu, akavifunga harakaharaka kwa mpira kwenye bodaboda na kukimbilia getini. Nyuma yake semitrela likavuka gunia bila kufa, askari watatu mgongoni.

"Jina lako ninalo tayari," alisema Abdulwahab, akipima shubiri zake kwa madaha. "Chapati. Maana ndivyo jeshi lako lilivyolala."

Amri aliiona Jumatatu inayokuja: anashuka sokoni, na wabadilisha kwacha wote wanampigia kelele za salamu ya Kizambia kutoka ng'ambo ya barabara, "Chapati, mulishani!" Angeoa akiitwa Chapati. Angezikwa akiitwa Chapati.

Akanyoosha mkono kwenye ungo wa Fauzia, akachota konzi ya majani, akayamwaga nyuma ya bodaboda yake.

"Nini hicho?" Abdulwahab aliuliza.

"Majani."

"Pikipiki yako haijafa!"

"Nani kasema imekufa? Dereva kashuka kuchimba dawa."

"Refa! Huyu anadanganya!"

"Kaka, ukikuta majani barabarani unasimama, au unashuka kwanza kumpima mtu malaria?"

Fauzia hakuinua hata macho. "Kanuni ilisema majani, haikusema ugonjwa. Simama."

Zamu iliyofuata dereva akawa amemaliza haja zake, akasogea shubiri mbili, akachota konzi nyingine na kuimwaga mbele ya pua ya semitrela. Lori likasimama. Zamu nyingine tena, vilevile. Abdulwahab akahema kama breki za upepo, kisha uso ukamng'aa. Naye akakwapua jani, akalipiga mbele ya bodaboda.

"Na wewe simama!"

"Nisimame kwa kanuni ipi? Inasema gari likikuta majani. Pikipiki si gari."

Fauzia akamtazama mdogo wake kama mtu anavyomtazama kuku aliyejipeleka jikoni. "Ulisema mwenyewe, Abdul."

Bodaboda ikakanyaga jani, ikaingia getini na mshikaki wake. Amri akaruka, akacheza, akambusu kila askari, kisha akapanda juu ya ndoo na kusafisha koo ili atangaze jina.

Ndipo Fauzia alipoingiza mkono kwenye ungo, akatoka na vikonyo vitupu. Akatazama mezani. Mboga ya jioni ilikuwa imelala barabarani, imejaa chaki na kutu.

"Mbuzi mkubwa wewe!" alifoka. "Umemaliza majani yote!"

"Mbuzi!" Osea akadaka, kwa furaha ya mtu aliyengoja muda mrefu kupata mwenzake.

"Mbuzi gani tena?" wakauliza waziba tairi nje ya ukuta.

"Amri!"

"Haiwezekani!" Amri alilia kutoka juu ya ndoo. "Mimi ndiye mshindi!"

"Kanuni ilisema anayeshindwa apewe jina," alisema Fauzia, akikung'uta ungo. "Mshindi haikumkataza."

Jina la Abdulwahab likasahaulika palepale. Mwenyewe alikuwa amekaa chini, ameshika mbavu. Amri akawageukia wote awaambie kwamba wamemwonea, lakini kwa hasira akashikwa na kigugumizi.

"Mme..." alianza. "Mmeee..."

Hakufika kwenye "nionea". Hata waziba tairi waliacha kazi.