Vibao Viwili

Upepo wa Jumamosi ile kisiwani Texel, Uholanzi, haukuwa wa kuchezea, na kila mtu ufukweni alilijua hilo, ila nani angekubali kuitwa mwoga? Katamarani thelathini na nane, zile mashua nyepesi za miili miwili, ziliingia majini kushindana. Zikarudi moja moja, matanga yamechanika, mabaharia wanatetemeka.

Wietske na mumewe Auke walirudi wa sita. Wa sita, jamani! Mwaka mzima Wietske alikuwa anamtambia kaka yake Hidde kwamba safari hii atamwacha nyuma, na kweli kamwacha. Alipogeuka aliliona tanga jekundu la Hidde kwa mbali, linakuja. Hidde alikuwa na binti yake Jikke.

Pale ufukweni kuna ubao wenye vibao vyenye namba. Ukienda baharini unageuza cha kwako upande mwekundu, ukirudi unageuza mweupe, na sharti ni moja tu: ukigeuze kwa mkono wako mwenyewe. Wietske alikigeuza cha kwake, na cha Hidde, namba thelathini na moja, akakigeuza papo hapo. Wamefanyiana hivyo tangu ujana wao. Nani apange foleni mara mbili kwenye baridi ile?

Akaenda kunywa supu ya njegere hemani.

"Huyo kaka yako yuko wapi?" Auke aliuliza, mdomo umejaa soseji.

"Kajificha. Kaona aibu. Mwache, nitamkuta tu, leo hanikwepi!"

Nje, Geertje, mama aliyesimamia ubao, akapaza sauti, "Vyote vyeupe! Vuteni boti!" Boti za uokoaji zikavutwa mchangani, wenyewe wakaingia kutafuta bia.

Wietske alimaliza supu, akatoka kwenda kumsimanga Hidde. Kitoroli cha kubebea mashua ya Hidde kilikuwa kitupu. Juu yake kulikuwa na viatu vikubwa vya Hidde na ndala za Jikke, vimepangwa vizuri.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hadi leo hajalisamehe. Badala ya kukimbia kwa Geertje, alikwenda kuangalia ufukweni. Akajiambia labda wametua kule mbele, labda wanaburuza mashua kwa miguu, kwa nini ajiaibishe bure mbele ya watu wote? Alitembea dakika kumi nzima, akitafuta tanga jekundu, na bahari ilikuwa nyeupe tupu kwa mapovu. Akarudi mbio, analia.

"Geertje! Thelathini na moja hawajarudi!"

"Kibao chao cheupe."

"Nilikigeuza mimi!"

Geertje hakumtukana. Alimtazama mara moja tu, akashika redio. Boti zikarudishwa majini, helikopta ikaitwa, na Wietske akasimama kwenye maji ya magoti hadi Auke alipomvuta kwa nguvu.

Waokoaji waliwapata baada ya saa nzima. Mashua ilikuwa imepinduka, mlingoti umevunjika, na Hidde alikuwa amejifunga na binti yake kwa kamba moja, mgongo wake kaupa upepo ili Jikke akingike kifuani pake. Alikuwa bado anapumua, kwa shida sana. Helikopta ikamchukua. Jikke aliletwa kwa boti, akawekwa kwenye gari la wagonjwa, na Wietske akaingia naye, akamshika mkono.

"Shangazi," Jikke alisema, meno yakigongana. "Mimi nilitaka kuogelea. Ufukwe ulikuwa unaonekana kabisa. Baba akanikatalia."

"Usiongee, pumzika."

"Alisema tutulie, kibao chetu bado chekundu, watatufuata sasa hivi. Akawa anarudia hivyo hivyo. Watatufuata, Jikke, sasa hivi. Mwisho akanyamaza."

Wietske angeweza kumkumbatia tu na kunyamaza. Aliyekuwa anajua ni Geertje tu, na Geertje si mtu wa maneno. Mungu wangu, alivyotamani kunyamaza!

"Kilikuwa cheupe, mwanangu," alisema. "Nilikigeuza mimi. Nilidhani mko nyuma yetu."

Jikke alimtazama kana kwamba hajasikia. Kisha akauchomoa mkono wake taratibu, akauficha ndani ya blanketi, akageuza uso ukutani.