Aliyecheka Kabla ya Tafsiri

Watu wa Mbinga hawapendi picha ya kusoma maandishi chini; wanataka kuambiwa. Ndiyo maana banda langu la video halijafa, ingawa kila mtu ana simu mfukoni. Ninaye Hafidha. Alifanya kazi za ndani Maskati, akarudi na Kiarabu chake, na Jumapili watu wakitoka misa huja kumsikiliza akitafsiri kwa maiki. Mzee anamsemea kizee, askari anamsemea kiaskari, na mabenchi yanatikisika kwa vicheko.

Adinani wa duka la vitambaa akampenda, naye Hafidha akampenda, wala hakuficha. Tatizo lilikuwa ukoo wa Adinani. Walimtumia Hafidha salamu kwamba mke wa kwao hapazi sauti mbele ya wanaume. Achague maiki au mume. Nilimuuliza atafanyaje, nikiogopa pia riziki yangu. Akasema atachukua vyote. Nikamkumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Akaniambia nikawashe jenereta.

Kabla ya kuposa, ukoo hutuma mtu kumchunguza binti. Hilo hata mtoto analijua. Ila hakuna anayekuambia mtu huyo atakuja lini.

Jumapili hiyo tulionyesha picha ya zamani ya Kiarabu, nyeusi na nyeupe. Msichana ametumwa na wakubwa wa usalama kumpeleleza fundi cherehani anayedhaniwa kuwa jasusi. Anajifanya mteja, kila mara anarudisha gauni lile lile lipunguzwe, mpaka limebaki la kuvisha mwanasesere, na yeye ameshapenda. Tulicheka hadi machozi.

Lakini benchi la nyuma alikaa mwanamke aliyevaa ninja, macho tu nje, na kicheko chake kilikuwa na walakini. Alicheka kabla Hafidha hajafungua mdomo. Sisi tunangoja tafsiri, yeye ameshamaliza. Mimi nilidhani ni mgonjwa. Hafidha aligeuka, akamtazama, uso ukambadilika. Mji huu, ukimtoa Hafidha, anayejua Kiarabu cha kwenye picha ni Bi Biubwa tu, shangazi yake Adinani, aliyemalizia ujana wake Maskati.

Nilimnong'oneza Hafidha apunguze sauti, ajifanye mpole walau leo. Akaisogeza maiki karibu zaidi na mdomo.

Picha ikafika mwisho. Fundi, ambaye ujasusi hakuujua hata kidogo, anamwomba msichana waoane. Msichana analia, anajibu kwa maneno mafupi. Hafidha akasimama, akageukia benchi la nyuma, akatafsiri polepole.

"Nitakuwa mke wako. Na kazi yangu siachi."

Banda zima likapiga makofi. Yule wa ninja mikono aliiacha mapajani.

Watu walipotoka, yeye alibaki. Hafidha akamwendea, akampa shikamoo, akamwita shangazi waziwazi. Bi Biubwa akafunua uso.

"Yule msichana hakusema hivyo. Alisema kazi anaiacha."

"Najua, Shangazi. Hayo nimesema mimi."

Nilijishughulisha na nyaya. Binti yule nampenda kama wangu, na niliona ameharibu kila kitu kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mimi nilikuwa mtangazaji wa redio," Bi Biubwa akasema. "Nikaambiwa nichague, nikajibu kama yule wa kwenye picha."

Akafunika uso tena, akainuka.

"Nilitumwa kuchukua jibu lako. Nitalipeleka kama ulivyolisema, na atakayelikataa ataanza na mimi."