Mkono Wenye Dayari

Hasira ya Nyamizi haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya kufagia. Alifagia uwanja wa nyumba yake pale Makanyagio asubuhi, akaufagia tena mchana, jioni akawafagia mpaka kuku. Na kila ufagio ulipopita karibu na kiti cha mwanawe Malale, vumbi lilimpanda hadi magotini.

"Mayu, unanichafua," Malale alisema. Mayu ndiyo mama kwa Kinyamwezi, na Malale alipotaka kumlainisha mama yake aliacha Kiswahili pembeni.

"Hama."

Hakuhama. Alikuwa amekiinamia kile kitu chake alichokuja nacho kutoka kazini Mwanza, dayari ya umeme, kinachofunguka katikati kama kisahani cha sabuni. Upande mmoja kioo cha kijivu, upande wa pili vitufe vidogo kama punje za mtama. Safari yote ilikuwa humo. Siku ya treni humo, nguo za watoto humo, maziwa humo, chupa ya chai humo, hata sabuni ya kufulia nepi humo. Ukibonyeza inakuja, ukibonyeza tena inakwenda. Mwaka ule wa tisini na sita, ungeizunguka Mpanda nzima, ungekikuta kwa Malale na labda kwa padri mmoja.

Mwanzoni Nyamizi alikifurahia. Aliwaita majirani waje kuona herufi zinavyotembea. Na safari yenyewe alikuwa ameiomba yeye. Mama yake mzazi, bibi Romana, alikuwa angali hai kule Urambo, lakini macho yalikwisha kuingia ukungu, sasa anaona kwa vidole. Alikuwa ametuma neno kwa kijana wa reli: nileteeni mabasa wangu, maana kwao ndivyo mapacha wanavyoitwa, nileteeni niwashike vichwa kabla vidole navyo havijachoka.

Mabasa wenyewe walikuwa Kulwa na Doto, watoto wa Malale na mkewe Mariana, wanaingia mwaka wa nne. Wamefanana mpaka kivuli. Baba yao alikuwa Mwanza tangu wanatambaa, na siku alizokaa nao ungezimaliza kwa vidole vya mikono na miguu. Waliowalea ni Mariana na mama mkwe wake, hapo hapo Makanyagio.

Basi siku mbili kabla ya safari, baada ya chakula, Malale alikifungua kile kisahani na kuusoma mpango kwa sauti ya mwenyekiti.

"Mama Kulwa: mtoto mchanga mgongoni, kikapu cha chakula mkononi. Mayu: fimbo, kwa ajili ya goti, na mkoba mdogo. Mimi: sanduku mkono mmoja, Kulwa mkono wa pili. Doto: abaki kwa jirani, mama Fabiani."

Nyamizi alikuwa anachambua maharage. Mkono ulisimama.

"Nani abaki?"

"Doto, mayu. Yeye anatapika. Si mliniandikia wenyewe? Lori la Majimoto, njia nzima. Na mikono haitoshi. Nimeipanga kila namna, haitoshi."

"Wewe Malale."

"Naam."

"Unamjua bibi yako?"

"Namjua."

"Humjui. Bibi yako alizaa mabasa, wadogo zangu. Mmoja akafa hata kunyonya hajaacha. Aliyebaki alipopelekwa kwa wajomba, hakuna aliyesema neno. Walimwona mmoja tu mgongoni, wanawake wakatupa majembe, wakakaa chini, wakaanza kulia. Kwetu ndivyo msiba wa basa unavyotangazwa. Anafika mmoja. Sasa wewe ukamtie mama yangu kichwa kimoja mikononi, yeye atafanya nini?"

"Nitamweleza kwamba mwenzake yupo."

"Utamweleza! Mtu anayeona kwa vidole utamweleza kwa mdomo?"

Mariana, aliyekuwa anamnyonyesha kichanga mlangoni, alisema taratibu, "Baba Kulwa, na mimi naona twende nao wote. Nitambeba Doto, kikapu tutakiweka kichwani."

"Imeshaingia humo, mama Kulwa," Malale alijibu, akikigonga kile kisahani kwa ukucha. "Nikianza kubadilisha moja, yote itavurugika. Nyie niachieni mimi. Safari ya watoto wadogo siyo kwenda kisimani."

Hapo ndipo ufagio ulipoanza. Na hapo ndipo vitendawili vilipokoma. Kila jioni Nyamizi alikuwa na vitendawili kwa wajukuu. Alivitunga mwenyewe akikoroga ugali, na watoto walimdai kama wanavyodai chakula. Jioni ile Kulwa alimvuta kanga, "Bibi, tega!" Nyamizi akamtazama Malale, akasema, "Mwambieni baba yenu awategee. Anavyo humo." Kesho yake vilevile.

Siku ya safari ilipofika, kisahani kililia chenyewe, ti-ti-ti, ti-ti-ti, na Malale akasimama kama askari aliyesikia filimbi. Shati jipya la mtoto. Viatu vipya. Alimkamata pacha mmoja aliyekuwa anafukuza bata, akamwosha uso, akamvisha, akamfunga vifungo mpaka shingoni. Yule wa pili akampa andazi na kumwambia, "Doto mwanangu, wewe leo utacheza na Fabiani. Nitakuletea pipi Urambo." Akamshika mkono mpaka nyumba ya tatu, akamwacha kwa mama Fabiani.

Nyamizi alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jiko. Alimtazama mtoto aliyevishwa. Mtoto alikuwa ameinua kichwa kwa sababu kifungo cha juu kinamkaba, na chini ya kidevu chake kovu lilionekana wazi, lile la siku alipoangukia ukingo wa kinu. Kovu lile lilikuwa la Doto. Malale alikuwa amemvisha Doto, akamwacha Kulwa.

Nyamizi alimgeukia Mariana. Mariana naye alikuwa ameona. Wakatazamana wanawake wawili, mmoja na kichanga mgongoni, mwingine na fimbo, na hakuna aliyefungua mdomo. Mariana akashika kikapu. Nyamizi aliigonga fimbo kizingitini. Mtu ameandika majina ya watoto wake kwenye kioo, na nyuso zao hazijui! Angesema pale pale, mambo yangeisha kwenye uwanja wake mwenyewe. Lakini hasira ilimwambia: mwache. Mwache aende mpaka mwisho wa ujinga wake. Na treni ya Mpanda, tangu lini ikaondoka kwa wakati? Itapakia magunia mpaka watu wapike na kula, na nafasi ya kumrudia Kulwa itakuwepo.

"Twendeni," alisema.

Njia nzima Malale alitembea mbele. Sanduku alikuwa amempa mchukuzi mwenye baiskeli. Mkono wa kushoto alimshika mtoto, wa kulia alishika kisahani, na kila baada ya hatua chache alikitupia jicho. "Maziwa, tunayo. Chupa ya chai, tunayo. Nepi, tunazo." Mtoto alikuwa anachechemea kwa viatu vipya na kugeuka nyuma.

"Baba, Kulwa yuko wapi?"

"Kulwa ni wewe. Tembea."

"Mimi Doto."

"Ee, na mimi ni mkuu wa mkoa. Tembea, mwanangu."

Mchukuzi alicheka. Nyamizi hakucheka. Fimbo yake ilichimba mashimo barabarani.

Stesheni walikuta treni imekwisha kusimama, na Nyamizi akashtuka. Magunia yalikuwa ndani. Kuku walikuwa ndani. Mlinzi wa treni mwenye bendera alikuwa anapita kwenye mabehewa akifunga milango mmoja mmoja. Siku ambayo aliitaka treni ichelewe ndiyo siku iliyoamua kuwa na adabu! Ikiwa itaondoka sasa, atampelekea mama yake msiba, na kosa halitakuwa la Malale peke yake. Yeye naye atakuwa amenyamaza.

"Pandeni, pandeni," Malale alisema. "Mayu, tangulia."

"Sipandi."

"Mayu, tafadhali."

"Kitendawili!" Nyamizi alisema, kwa sauti iliyowageuza watu waliokuwa wanaaga ndugu zao.

"Mayu, si wakati wa..."

"Kitendawili!"

"Tega!" aliitikia mtoto mwenye viatu vipya, kwa furaha, maana siku mbili alikuwa na njaa nacho.

"Nina vyungu viwili, mfinyanzi mmoja, moto mmoja. Anayeviosha anavijua hata gizani. Mwenye navyo kavitazama mchana kweupe, kachukua asichokitaka."

Malale alifuta jasho. "Sijui, mayu. Nakupa mji. Chukua Mwanza yote. Panda."

"Siutaki mji wako! Mwinue kidevu huyo mtoto."

"Kwa nini?"

"Nimesema mwinue kidevu!"

Akamwinua. Akaliona kovu. Alilitazama kama mtu anayetazama herufi za lugha ya watu wengine.

"Hilo ni la kinu," Nyamizi alisema. "Nilikuandikia kwenye barua, ukajibu pole. Pole ulimpa nani? Huyo ndiye Doto, anayetapika, uliyemkataza treni. Kulwa wako umemwachia mama Fabiani na andazi. Amekuambia njiani kwa mdomo wake, mimi Doto, ukamfanyia mzaha mbele ya mchukuzi! Mtoto anakutajia jina lake, wewe unauliza kisahani!"

Watu walikuwa wamekusanyika. Mama mmoja mwenye tenga la kuku alisema, "He! Baba gani huyo?" Mwingine akamjibu, "Wa Mwanza," na kicheko kikapita.

Uso wa Malale ulikuwa umeiva. "Mama Kulwa, na wewe ulijua?"

"Nilijua," Mariana alisema. Machozi ya hasira yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. "Nilikwambia twende nao wote. Ukaniambia imeshaingia humo. Nikaona basi, itoke yenyewe."

"Lakini mikono haitoshi!" Malale alipaza sauti. "Nani hapa ana mkono mwingine? Nionyesheni!"

Nyamizi alinyoosha fimbo, akaigusa ile dayari.

"Huu hapa," alisema. "Sanduku kalibeba mchukuzi. Tangu nyumbani mkono mmoja umemshika mtoto, na mmoja umekishika hicho. Umehesabu mikono ya watu wote, wa kwako umeusahau. Lete hapa."

Malale alikitazama kile kisahani. Akakitazama kama vile kimemsengenya. Akakitoa.

Nyamizi alikifunga kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili. "Sasa nenda. Na usiporudi na Kulwa, mimi na Doto tunarudi nyumbani, wewe peke yako utakwenda Urambo ukamwambie mama yangu umezika wangapi."

Malale alishusha sanduku, akachukua baiskeli ya mchukuzi bila hata kuomba. Mchukuzi alifungua mdomo, akamwona Nyamizi, akaufunga.

Kusubiri kule ndiko kulikomchosha Nyamizi kuliko maneno. Mlinzi wa treni alifika na bendera yake. "Bibi, panda, tunaondoka."

"Nasubiri mjukuu."

"Treni haisubiri mjukuu."

"Basi niambie, baba, mama yako alikuwa anasubiriwa na nani alipokuwa na wewe mgongoni?" Akakaa kwenye ngazi ya behewa, goti lake bovu kalinyoosha mbele, fimbo kailaza mlangoni. Mlango haukufungika. Mlinzi akamwita mwenzake, mwenzake akatazama, akasema huyo bibi mwache kwanza. Mariana alipanda na kichanga, akakaa dirishani na Doto. Ndani ya pindo la kitenge kisahani kikaanza kulia, ti-ti-ti, ti-ti-ti. Nyamizi hakujua kinazimwaje. Akakikalia. Kikaendelea kulia chini yake, kwa sauti ya kifaranga aliyebanwa, na watu wakamtazama bibi anayelia ti-ti-ti, yeye akawatazama mpaka wakaangalia pembeni. Moyoni alikuwa anajitukana. Ungesema uwanjani, mwanamke wewe. Ungesema tu.

Filimbi ya kwanza ililia. Ndipo baiskeli ilipotokea nyuma ya maghala, Malale amesimama kwenye pedali, shati limegandamana na mgongo, na Kulwa amekaa juu ya mabega amemshika baba yake masikio kama usukani, mdomo umejaa andazi.

"Mshushe kidogo," Nyamizi alisema. Akamwinua Kulwa kidevu. Safi, bila kovu. Ndipo akaiondoa fimbo mlangoni.

Treni ikaondoka. Malale alikaa na pacha mmoja kila paja, mikono yote miwili imejaa, hana pa kujifutia jasho. Baada ya Katumba, Doto akatapika. Alitapika kama ilivyoandikwa, kwenye suruali ya baba yake, mpaka kwenye viatu.

"Si nilisema?" Malale alinong'ona.

"Ulisema," Nyamizi alijibu. "Na sasa unafuta."

Akafuta.

Walipokaribia mto Ugalla, Nyamizi aliwasimamisha mabasa dirishani, kwa desturi ya kwao ya mapacha kuvuka mto, akawapa maji ya chupa kila mmoja funda moja. "Msimeze. Tukifika juu ya daraja, mnayapuliza mtoni, mnasema sisi ni mabasa, tunapita." Mashavu yao yalifura. Daraja likaanza kunguruma chini yao, Malale akawashika viuno, mmoja huku mmoja huku, na maji yakatoka kwa pamoja yakapeperushwa na upepo, nusu mtoni, nusu usoni kwa baba yao.

"Hilo halikuwemo," alisema, akipepesa macho.

"Vingi havikuwemo."

"Mayu, basi nirudishie. Nimekosa."

Nyamizi alikigusa kile kitu kwenye pindo. Hasira ilikuwa bado imekaa kifuani, haikuwa na haraka ya kushuka. Alijua itafika naye Urambo, na labda ndiyo itakayosalimia ya kwanza. Mabasa walikuwa wamelala, vichwa vyao vimezama kifuani kwa Malale, videvu vimefichika, viatu vipya vimevuliwa.

"Utakipata Urambo," alisema. "Ukifika kwa bibi yako, umpe mkononi mmoja mmoja na umwambie, huyu ni Kulwa, huyu ni Doto. Bila kuinua kidevu. Ukikosea, nakitupa kisimani."

Malale akainama, akaanza kuwatazama: sikio la huyu, kisha la yule, nyusi, pua, namna mmoja anavyokunja ngumi usingizini na mwenzake anavyoiacha wazi. Treni ilikuwa inaelekea Kaliua, na njia ilikuwa bado ndefu.