Sauti ya Elifuraha Kati ya Nyimbo

Usingizi unanichukua mchana wa Jumapili nikiwa kwenye kochi, nikiitazama rafu tupu ukutani, na kabla sijajua kama nimefumba macho au la, rafu inafunguka kama mlango nami napita. Ndani ni barabara, na barabara yenyewe ni utepe wa kaseti, ule wa kahawia, umelazwa chini kwa upana wa kupita lori, unang'aa, unateleza, unapinda na kujirudia. Navua viatu nisije nikaukwaruza. Hata huku nazitunza kanda, mimi, ingawa hakuna tena kanda za kutunza, maana baba Haika, mume wangu, alizibeba zote akazipeleka kwenye mkutano wa injili nilipokuwa Rombo nikimuuguza mama, akazimwaga motoni pamoja na hirizi za watu, akarudi nyumbani akala vizuri, na niliporudi akaniambia, mama Haika, nimeitakasa nyumba. Nikasema, haya. Nilisema haya tu, nikaenda kuosha vyombo.

Zilikuwa kanda za kaka yangu Elifuraha. Alizirekodi mwenyewe kutoka redioni, muziki wa roki mtupu, na kila wimbo ulipokwisha aliniongelesha mimi humo humo kwenye kanda: Nsia, tulia, sasa linakuja gitaa. Nsia, huyu mpiga dramu ana wazimu. Kisha akafa chuoni, kwa homa ya uti wa mgongo, na zile kanda zikawa mahali pekee ambapo bado alikuwa ananiita kwa jina langu, kwa sababu huku kwingine kote mimi ni mama Haika.

Natembea. Barabara inanifikisha kwenye mji ambao kila nyumba imetazamana na pacha wake, kama nyumba na kioo, na kila dirisha linapiga wimbo wangu mmoja. Hili la kwanza linapiga ule unaoanza na dramu peke yake, muda mrefu, mpaka mgeni adhani ndio wimbo mzima. Nilikuwa nafulia nao nguo, nasugua kola za mashati kwa kuzifuata zile dramu, na majirani wakisema mama mzima anasikiliza makelele. Maneno yake ni ya kijinga, gari na msichana, hakuna zaidi, lakini dramu zile zilinifanya nijione mrefu. Dirisha la pili linapiga ule niliouimba kimakosa tangu usichana, nikidhani mwimbaji anaomba maji, mpaka Haika alipojua Kiingereza akaniambia, mama, huyu anamlaani baba yake. Niliendelea kuomba maji. Wangu ulikuwa mzuri zaidi. Dirisha la tatu ni ule wa taratibu, gitaa linalia kama mtu aliyefungiwa nje, na huo sikuupenda kamwe, niliurusha kila ulipofika, na Elifuraha alikuwa akisema humo kwenye kanda, Nsia, utakua uupende. Sijakua. Na sasa hakuna wa kunikuza. Nageukia nyumba za upande wa pili, zile pacha, na katika kila dirisha namwona mwanamke amenipa mgongo, anaosha vyombo, na nyimbo huko zinapigwa kinyumenyume.

Mbele amesimama mtu asiye na uso, pale pa uso pamelainika kama mgongo wa kijiko. Namwamkia. Namuuliza, barabara hii inakwenda wapi? Anasema, inazunguka bila kufika, na bado watu huifuata mpaka mwisho. Namwambia, sikuja kutegewa vitendawili, namtafuta kaka yangu. Anasema, mtafute pale ambapo wimbo mmoja umekwisha na mwingine haujaanza. Hicho nakielewa bila kufikiri. Nangoja, dramu zinakatika, mji mzima unanyamaza, nami naingia ndani ya ule ukimya mbio.

Elifuraha amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, redio kaseti mapajani, kidole kwenye kitufe, kijana yule yule. Nsia, mbona umechelewa? Namwambia, kaka, wamekuchoma. Nani? Shemeji yako. Na wewe ulisema nini? Nasema, nilisema haya. Anacheka, kicheko kibaya ambacho hakikuwamo kwenye kanda hata moja. Haya? Mimi nimekaa humu nakuongelesha miaka yote, wewe unasema haya? Namwambia, kaka, nina mtoto, nina nyumba, na yule si mtu mbaya, hanipigi. Anasema, sikukuuliza kama anakupiga. Nimekuuliza ulisema nini. Halafu anainua mkono, tulia, unaanza, na anabonyeza, na unaanza ule wa taratibu, gitaa linamfunika, midomo yake inacheza na sisikii kitu. Ndipo napiga kelele. Namwambia baba Haika ambaye hayupo kila neno nililolimeza nikiosha vile vyombo, nayasema juu ya gitaa mpaka koo linachanika.

Nafumbua macho. Baba Haika amekaa kwenye mkono wa kochi, macho mekundu. Anasema, inatosha, mama Haika, umeshasema. Nimesema nini? Usijifanye. Tangu tutoke kanisani unasema, majirani wote wamekusikia, umesema nimemuua kaka yako mara ya pili. Na begi lako hilo hapo mlangoni, ulilofunga mwenyewe. Natazama. Ni begi langu kweli, na ndani nguo zimekunjwa ninavyokunja mimi, mikono kwanza. Lakini mimi nakumbuka haya. Nakumbuka haya na sabuni na kochi, sikumbuki zaidi. Koo linauma. Namuuliza, baba Haika, hivi nimeamka? Anasema, wewe ndiye wa kuniambia mimi.

Kama bado nimelala, nitaamka nikute vyombo. Kama niko macho, basi nimeshasema, na maneno hayarudi ndani. Nanyanyua begi. Ni zito, linanikata begani, na nashindwa kukumbuka kama ndotoni vitu huwa na uzito. Nafungua mlango.