Bluu Inayoishia Kwenye Weupe

Picha ya marehemu haikatwi kifuani kwa mstari. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi yangu, na nimelifundisha kwa ukali kwa kila binti aliyewahi kukalia kiti cha kompyuta yangu hapa Tunduma. Aliye hai unamkata, unamwekea fremu, basi. Marehemu unamyeyusha. Unachukua gradienti, ile zana ya kufifisha rangi, unaivuta kutoka kifuani kwenda chini, mwili unafifia polepole mpaka unabaki weupe mtupu. Nyuma yake unaweka bluu, nzito juu, nyepesi chini. Ukimaliza, hata asiyejua kusoma akiiona ukutani anavua kofia.

Sikuibuni mimi. Watu wa kwetu Ileje, na wenzetu wa ng'ambo ya boda, hawazikani bila picha. Inatangulia mbele ya jeneza, inabandikwa mlangoni, inarushwa watsapu. Mimi nilichofanya ni kuijua kuliko wengine, ambao wanapaka ile bluu kama wanapaka ukuta wa choo. Watu wanatoka Mlowo, wanatoka Itumba, wanapita steshenari nane wakiuliza iko wapi ya Mama Witness. Nasema bila haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kiburi hicho ndicho kilichoniponza. Aliyeumia ni mwingine.

Zakia alikuja Jumatatu asubuhi, binti wa Kondoa aliyeolewa na dereva wa semi aitwaye Yahaya. Siku nne mumewe alikuwa hapatikani. Alikuwa anapeleka saruji Kongo, na gari lilikutwa Zambia, limeegeshwa kando ya barabara, milango wazi, dereva hayupo. Mwenye gari alishajipa jibu lake: Yahaya kauza mafuta, kakimbia na mwanamke.

"Mama Witness, mume wangu si mtu wa hivyo," aliniambia, na sauti ilikuwa imemkauka. "Nitengenezee tangazo. Madereva walibebe, walibandike njia nzima, walirushe kwenye simu. Mtu akimwona tu, atanipigia."

Picha aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, imepigwa kwa simu ndani ya kabini. Kivuli cha paa la gari kilikuwa kimekata uso wa Yahaya nusu kwa nusu, upande mmoja mtu, upande wa pili giza. Begani ameshikwa na mkono wa mtu asiyeonekana. Nyuma kuna pazia chafu. Nilimhurumia yule binti, nasema kweli, nikaapa moyoni kumtengenezea picha ambayo mtu hawezi kuipita.

Nikaanza na kivuli. Kivuli hakifutwi, kinabembelezwa. Unatandaza gradienti juu yake kutoka upande wa mwanga, unaipunguza nguvu, unarudia, mpaka shavu linatoka, jicho linatoka, pua inapata mgongo wake. Ule mkono wa begani ulinisumbua. Nilipoufuta uliacha pengo, nikalificha kwa kukiyeyusha kifua. Pazia nalo nikaliondoa, pakabaki patupu, nikaweka bluu, nzito juu, nyepesi chini. Sikufikiri. Mkono ulifuata njia yake kama ng'ombe wanaorudi zizini. Chini nikaandika kwa herufi nyekundu ANATAFUTWA, kisha jina, kisha namba ya Zakia.

Zakia aliitazama muda mrefu. Kwao, Waislamu, mtu akifa anaoshwa, anasaliwa na kuzikwa siku hiyohiyo, na hakuna anayebandika picha yake popote. Bluu kwake ilikuwa bluu tu. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu aingie.

"Amependeza," akasema. "Sijawahi kumwona amependeza hivi."

Nilijisikia vizuri mno. Nikamtolea nakala hamsini na nyingine nikamtumia kwenye simu. Moja nikaibandika mlangoni kwangu.

Siku ya tatu, Jumatano, Ezron alisimama mbele ya mlango huo. Ezron ni fundi simu wa chumba cha jirani, mtu asiye na maneno mengi.

"Mama Witness, huyu kafa lini?"

"Hujasoma? Anatafutwa."

"Nimesoma sasa hivi ulivyoniambia. Mimi niliona msiba. Kwenye kundi letu la kwaya watu wanaandika pole tangu jana."

"Wasiojua kusoma ndiyo shida yangu?"

"Siyo kusoma, mama. Hii ni picha ya marehemu. Umemyeyusha."

Niliona. Sitadanganya. Niligeuka kuitazama nikaona kabla hajafunga mdomo. Na kilichonijia kichwani hakikuwa Yahaya. Waliokuja ni wale mabinti niliowagombeza mpaka wakalia kwa makosa madogo kuliko hilo. Nikaona aibu, na mimi aibu yangu hutoka kwa sura ya hasira. Nikamwambia Ezron akafungue simu za watu aniache na kazi yangu. Kisha nikajipa sababu: mteja mwenyewe kairidhia, nakala zimeshavuka boda, nikitoa nyingine nitawachanganya watu. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Langu lilikuwa zima kabisa, lilisikia kila neno.

Wiki zikapita. Kila Jumatatu Zakia alikuja kuongeza nakala, maana mvua inazing'oa na watu wanabandika juu yake matangazo ya mbegu. Alikonda. Simu hailii, aliniambia, ila watu ni wema, popote akipita wanampa pole. Nikawa natazama printa. Sikumtoza tena, nikadhani hiyo inatosha.

Jumatatu ya saba alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja nakala zake, mvua inanyesha, alipoingia dereva mmoja Mzambia na karatasi za forodha. Kasiani, jina nililisoma kwenye hizo karatasi. Mtu mzima, mpole. Kabla hajavuka kizingiti aliona lile tangazo mlangoni, akavua kofia.

"Poleni, mukwai," alisema kwa heshima ya kwao. "Msiba huu bado mnao?"

"Siyo msiba," Zakia akajibu. "Ni mume wangu. Anatafutwa."

Kasiani alimtazama yeye, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Anatafutwa? Huyu hajafa?"

Akakaa kwenye ncha ya benchi na kuanza kueleza, akimwelekea Zakia.

"Mdogo wangu alivunjika mguu, nikaenda kumwona hospitali, huko kwetu njiani. Kitanda cha pili kulikuwa na mtu kapigwa kichwani. Hana simu, hana karatasi, ukimuuliza hajibu. Akilala anaweweseka Kiswahili, basi wauguzi wakamwita Tanzania. Siku ileile picha hii ikaingia kwenye simu yangu. Nikamwonyesha muuguzi, nikasema, sista, huyu anafanana na Tanzania. Akaitazama, akafanya ishara ya msalaba. Akasema huyu ni marehemu, labda alikuwa ndugu yake. Na mimi nikaona kweli, marehemu. Tukaacha."

"Na maandishi?" niliuliza. Hata wakati huo mdomo wangu ulikuwa unajitetea.

"Kiswahili nasikia, mama, kusoma sijui. Na anayejua, nani anakaa kusoma msiba wa nchi nyingine? Mtu ukiona hivi," akapitisha kiganja hewani, kutoka kifuani kwa Yahaya kwenda chini kwenye weupe, "unajua."

"Yuko wapi sasa?" Zakia aliuliza.

Kasiani alikunja kofia yake mara mbili. Alisema yule mtu aliishi wiki mbili zaidi. Mdogo wake bado alikuwa kitandani pale, ndiye aliyemwambia. Hakuja mtu kumwulizia, halmashauri ikamzika.

Nilingoja Zakia apige kelele. Alisimama akaja mpaka mezani kwangu.

"Ile picha niliyoleta mimi, ile ya kwanza, unayo?"

Ninayo, sifuti kitu. Nikaitoa. Yahaya akatoka kwenye printa na kabini yake, pazia lake, mkono wa rafiki begani, uso nusu gizani. Zakia akampelekea Kasiani.

"Ndiye," Kasiani alisema papo hapo. "Hivihivi. Upande huu ulikuwa umevimba, mweusi. Hii ningeijua."

Zakia akarudi kwangu.

"Kumbe bluu hii ni ya wafu."

"Ya wafu. Na ule weupe wa kifuani."

"Na wewe ulijua?"

Ezron alikuwa amefika mlangoni na bisibisi mkononi, amesikia yote. Akatazama chini. Najua angenyamaza mpaka kaburini, ndivyo alivyo, na uongo ulikuwa tayari mdomoni mwangu. Lakini Zakia alinitazama bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia, nikashindwa.

"Wakati naitengeneza sikujua. Nilijua siku ya tatu. Jumatano."

Akamgeukia Kasiani. "Baba, wewe picha uliipata lini?"

Kasiani alitafuta kwenye simu yake muda mrefu, akasoma tarehe. Ilikuwa Jumamosi ya wiki ileile. Zakia akahesabu kwa vidole, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, akabaki amevishika vile vitatu.

"Kuibadilisha ni kazi ya muda gani?"

"Robo saa," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu la kawaida. Nilitamani anitukane. Nilitamani aivunje ile kompyuta, na nisingemzuia. Aliikunja picha ya kabini, akaiweka ndani ya ushungi kifuani, akamwomba Kasiani ampeleke alikozikwa mumewe. Wakatoka kwenye mvua.

Nakala hamsini alizokuja kuchukua zilibaki kwenye printa, bado za moto.