Wimbo wa Aliyejitaja

Siku ile mjinga alikuwa Ngassa, na mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukiri. Alikiri akiwa amepiga magoti mbele ya mafiga, akipuliza jivu ambalo halikuwa na kaa hata la kudanganyia. Ilikuwa asubuhi ya nne. Mkewe, Nyamizi, alikuwa ametoka kuomba moto kwa jirani, akarudi na kigae kitupu.

"Wamesemaje?"

"Hawakusema kitu. Walifunga mlango, na mlango wenyewe ni wa mabua."

"Na dukani?"

"Mwanaima anasema viberiti vimekwisha. Ananiambia hivyo huku vimepangwa nyuma ya kichwa chake kama matofali."

Ngassa akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, kisha jivu likamwingia kooni. Ndani mtoto wao Melania alikuwa akilia tumbo. Siku tatu nzima walikuwa wanakula mtama wa kuloweka, na mtama mbichi hauna urafiki na mtu.

Walikuwa wametengwa. Hakuna kuwapa moto, hakuna kuchota nao maji, hakuna kuwaamkia wala kuitikia. Amri hiyo ilitoka kwa Mageni, nsumba ntale wa Samuye, yaani mkuu wa vijana wanaolima pamoja. Haikuandikwa mahali popote, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kuichana.

Kosa lenyewe lilikuwa la mwaka uliopita, baada ya mavuno, msimu wa ngoma. Ngassa alikuwa manju. Nchi ile manju haandiki, hujitaja. Anapoanza wimbo hutia jina lake na la kwao, na kuanzia hapo wimbo ni wake, kwa sifa na kwa lawama. Kumwibia mtu wimbo ukatoa jina lake ukatia lako ni aibu iliyowahi kuvunja undugu. Na kipimo cha manju hakitaki mizani: manju wawili husimama na ngoma zao huku na huku, watu huanza kuhama kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na jua likizama hata kipofu anajua nani kabaki na vumbi lake peke yake.

Mwaka ule serikali ilikuwa imeamuru ng'ombe wapunguzwe. Kila mwenye zizi alipangiwa idadi ya kupeleka mnadani, apende asipende, eti malisho yamechoka. Ngassa akatunga:

*Ni mimi, Ngassa wa Samuye, niliyeamsha vyura wakati wa kiangazi.*
*Wamekuja kuhesabu mikia zizini, watoto wangu hawakuwahesabu.*
*Mkimaliza mkia wa mwisho, mabwana, mtaanza kuhesabu masikio ya nani?*

Watu walihamia upande wake mpaka wapinzani wake wakaja nao kucheza. Wimbo ukavuka Maganzo, ukafika Songwa, ukaimbwa na wachunga na wachimba almasi, na kila ulikofika ulifika na jina lake.

Ndipo akaja Mzungu mmoja ambaye watu walimpa jina la Bwana Sanduku, kwa kuwa alikuja na masanduku mawili, moja la kunasa picha na moja la kumeza sauti. Aliandamana na karani wa boma, Eustace, kijana wa Bukoba, mwenye njia ya nywele iliyonyooka kuliko barabara yoyote ya wilaya. Walitaka ngoma kwa ajili ya filamu. Maneno, Eustace alisema, hayana shida, Bwana hajui Kisukuma, imbeni lolote.

Mwenye akili angeuliza filamu inahusu nini. Ngassa aliuliza hivi:

"Jina langu litasikika?"

"Litasikika."

"Maana ngoma zinapiga kwa nguvu. Zisije zikalimeza."

Na kweli, waliporudia sauti kwenye sanduku, jina lilikuwa limezama. Ngassa akasimamisha ngoma zote, akasogea mwenyewe karibu na kile chuma cha kumeza sauti, akajitaja peke yake, polepole, mara tatu: *Ni mimi, Ngassa wa Samuye. Ni mimi, Ngassa wa Samuye. Ni mimi.* Bwana Sanduku alifurahi, akamvulia koti lake la kaki akampa. Ngassa alilivaa koti hilo mpaka kwenye jua la saa sita, jasho likimtiririka, akiwaambia watu kuwa Ulaya kuna baridi.

Filamu ilirudi mwaka huu, kwa gari, ikaonyeshwa jua lilipozama kwenye uwanja wa baraza, juu ya shuka jeupe. Kwanza zilipita herufi. Kisha wakaja ng'ombe, na uwanja ukachangamka.

"Huyo dume aliyenona si wa hapa," mtu alisema gizani. "Ni wa misheni, namjua kwa nundu."

"Na huyo aliyekonda ni wako wewe, mbona humtaji?"

Vicheko havijaisha, uso wa Ngassa ukajaa shuka zima, mkubwa kuliko nyumba, kinywa wazi. Watu wakapiga vigelegele. Sauti yake ikatoka garini, safi, bila ngoma hata moja ya kuisumbua: *Ni mimi, Ngassa wa Samuye.* Kisha, kinywa cha Ngassa kikiendelea kuchezacheza, ikapokea sauti nyingine, nyembamba, iliyosoma shule: *Nimepunguza ng'ombe wangu, majani yamerudi. Ahsante, serikali yangu, umenifungua macho.* Na tena: *Ni mimi, Ngassa wa Samuye.*

Nyuso zikamgeukia Mageni, mtambo wa gari ukihema. Mageni alikuwa amepeleka ng'ombe wanne mnadani mwezi uliotangulia. Mdogo wake, Januari, alikataa kupeleka wake, akapewa miezi sita, na mbele ya hakimu aliimba wimbo wa mikia mpaka askari walipomtoa.

"Hiyo sauti ya pili si yangu," Ngassa alisema.

Mageni alimtazama juu mpaka chini. "Koti lako linakukaa vizuri, manju," akasema, akaondoka na watu wote nyuma yake.

Asubuhi ile ya jivu Ngassa aliamua kwenda bomani Shinyanga kwa miguu. Aliyesema uongo aseme kweli, aliwaza, basi yaishe. Koti aliliacha nyumbani.

Alimkuta Eustace nyuma ya meza, akipiga chapa barua.

"Shida?"

"Yale maneno ya kwenye filamu. Nataka aliyeyatunga aje Samuye aseme ni yake."

Eustace aliacha kupiga chapa. "Niliyatunga mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Na sauti ni yangu. Niliambiwa nitie ya shukrani, basi nikatia."

"Basi kwa nini hukujitaja?"

"Kujitaja?" Kwa mara ya kwanza Eustace alicheka kama mtu aliyezaliwa na mama. "Zile herufi za mwanzo uliziona? Jina la Bwana limo mara mbili, mtungaji na mpiga picha. Wa kuunganisha vipande, ambaye hajawahi kufika hata Tabora, yumo. Mimi simo."

"Na mimi?"

"Wewe umo. Imeandikwa: pamoja na wenyeji wa Shinyanga."

Ngassa alilifikiria jambo hilo. Jina lake, la baba yake na la kijiji chake, yote yametiwa ndani ya gunia moja na watu asiowajua. "Kwenu huko," akauliza, "mtu akishika kamba ng'ombe akikamuliwa, maziwa ni yake?"

"Kama kamba ni ya serikali," Eustace akasema, na papo hapo akasimama wima, kwa sababu mlango wa ndani ulikuwa umefunguliwa.

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa mtu mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kisicho na haraka. Aliitikia shikamoo. Alimwacha Ngassa aeleze mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo Ngassa alilichukulia kuwa ni heri.

"Kwa hiyo maneno ya filamu siyo yako."

"Siyo yangu, Bwana. Jina ndilo langu. Maneno walibandika."

"Naelewa. Na maneno yako mwenyewe yalikuwa yapi?"

Ngassa alifungua kinywa. Bwana Shauri naye alikuwa anafungua jalada.

"Naomba ufikiri kwanza," Bwana Shauri alisema. "Mimi hapa nina taarifa za wimbo mmoja wa kuhesabu mikia. Umeimbwa Samuye, Maganzo na Songwa. Mtu mmoja ameuimba mahakamani. Kuwachochea watu wakatae amri halali ni kosa, na kosa hilo lina mtu wake. Aliyeleta taarifa hakuelewa Kisukuma vizuri, jina la mtungaji aliliruka. Kwa hiyo nakuuliza wewe, ambaye ni mtaalamu. Wimbo huo ni wako?"

Eustace alikuwa ameanza kuangalia nje ya dirisha, ingawa nje hapakuwa na kitu isipokuwa wafungwa wawili wakifyeka majani chini ya bendera.

"Sijui wimbo gani, Bwana."

"Sikuulizi unajua nini. Ni wako, au si wako?"

Miaka ishirini Ngassa alikuwa amejitaja kwenye viwanja vya nchi nzima. Alijitaja akiwa na homa, alijitaja siku aliyomzika baba yake. Sasa alisikia mtu akisema ndani ya chumba kile, kwa sauti ya manju, isiyotetemeka:

"Si wangu."

"Vizuri sana. Tutaandika."

Iliandikwa mistari miwili. Wa kwanza ulisema kwamba maneno ya filamu ni mali ya idara, na Ngassa wa Samuye hakuyatunga. Wa pili ulisema kwamba Ngassa huyohuyo anatamka kwa hiari yake kuwa hajapata kutunga wimbo wowote unaohusu ng'ombe. Eustace alimshika kidole gumba, akakichovya wino.

"Bonyeza sana," alinong'ona. "Wasije wakasema si wewe."

Kesho yake asubuhi watu walikusanyika ukingoni mwa shamba la pamba, majembe mabegani. Ngassa hakutaka kuingia katikati, akampa karatasi Gregory, katekista, aisome. Mstari wa kwanza uliposomwa watu waliguna kwa kuridhika, na bibi mmoja akasema, si nilisema mimi. Ngassa aliona mgongo wa Nyamizi ukilegea kidogo, kama wa mtu aliyetuliwa mtungi.

Gregory alisoma mstari wa pili, akasita, akatazama kama karatasi ina upande wa nyuma.

"Rudia," Mageni alisema.

Akarudia.

"Mimi sikusoma," Mageni alisema, "kwa hiyo nauliza tu. Januari yuko ndani kwa ajili ya ng'ombe wake na wimbo. Wimbo alioimba ni wa nani?"

Ngassa aliangalia kidole chake. Wino ulikuwa haujatoka.

"Nauliza, manju. Ni wa nani?"

Ngassa akakikunja kidole ndani ya kiganja. Mageni akaweka jembe chini, akakohoa. Hakuwa na sauti nzuri, na kila mtu alijua hilo, naye mwenyewe akiwamo. Akaanza: *Ni mimi, Mageni wa Samuye, niliyeamsha vyura wakati wa kiangazi.* Gregory akakunja karatasi upesi, akamrudishia Ngassa, akamwashiria Mageni anyamaze, akitazama upande wa barabara. Mageni akaendelea, akiharibu kila pahali sauti ilipotakiwa kupanda, na watu wakampokea, mmoja mmoja, kisha wote. Waliondoka na wimbo huo wakielekea mashambani. Ngassa alibaki na karatasi mikononi, akisikia jina la mtu mwingine likipita pale pale alipolipigilia lake.

Nyumbani alizunguka uani asipate pa kukaa.

"Mwizi yule. Umemsikia? Wimbo wangu, neno kwa neno, na hata kuuimba hajui."

Nyamizi alikuwa anamwaga maji ya mtama wa kuloweka, anatia mengine.

"Nenda ukamshitaki."

"Usinichezee, Mama Melania. Ulitaka nifanyeje pale bomani? Wewe hukuwepo. Yule Bwana ana jalada, ana askari mlangoni. Ningesema ni wangu, ningefungwa."

"Nimekutana na mke wa Januari njiani," Nyamizi alisema, mikono yake ikiendelea na kazi. "Alikuwa na kapu kichwani, limejazwa na kila nyumba ya hapa, anaenda Shinyanga. Aliyefungwa, Baba Melania, hupelekewa chakula."